Meno Yangu Mapya

Ihembe, Karagwe

Kwako Dastan, mume wangu,

Huku hatujambo. Mama ameanika kahawa, na mimi nimepata meno mapya. Yale ya plastiki niliyowekewa baada ya ngumi zako yalivunjika nikila hindi la kuchoma. Safari hii fundi wa meno alisaga mabaki ya meno ya kauri yaliyokuwa ya kutupwa, akachanganya unga wake kwenye plastiki ili iwe ngumu.

“Placidia, sasa tafuna hata mfupa,” akaniambia.

Nasikia kanisani Songambele wanatangaza ndoa yako na Edith. Uliniambia hakuna atakayemsikiliza kibogoyo. Jumapili mchungaji akiuliza nani ana pingamizi, nitasimama, nimweleze Edith polepole ni nani aliyening'oa meno.

Mkeo wa ndoa,
Placidia