Amana Niliyoitoa Haikuwa Yangu

Malvern, Johannesburg
Oktoba 2017

Dada Nomsa,

Shikamoo. Ninatumaini kifua kimepoa na wanafunzi wako wa darasa la pili hawajakumaliza sauti. Mama magoti yake vipi? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala. Moyo ndio umechafuka, na ukifika mwisho wa barua hii wako pia utachafuka. Tafadhali isome ukiwa shuleni. Sikupiga simu kwa sababu simu yako muda mwingi anayo mama.

Unakumbuka nilivyokusimulia kuhusu Nyumba, ule undugu wa wanafunzi pale chuoni? Nilikusifia mno. Na mazuri yake sitayakana. Zile siku wageni walipokuwa wakisakwa mitaani, ndugu wa Nyumba walinifuata hadi huku Malvern wakanisindikiza darasani wiki nzima. Walinipa madaftari ya waliotangulia, na wakubwa waliokwisha kuajiriwa Randburg hutafutia wadogo kazi za likizo. Mtu wa mbali akipata watu wa namna hiyo, hana la kuuliza.

Kuingia kuna taratibu zake. Miezi mitatu unawapikia wakubwa chai, unawapigia mashati pasi, Jumatano unavaa tai hata kuwe na joto la namna gani. Kila anayeingia hupewa kaka mkubwa. Wangu alikuwa Hamza, yule wa mtaa wetu, mtoto wa muuza mkaa. Nilifurahi kama niliyepelekwa nyumbani. Mwisho wa miezi mitatu unaingia chumbani, mlango unafungwa, unasimama mbele ya wote na kutoa siri ambayo hujawahi kumwambia mtu. Hamza ndiye aliyewatafsiria wenzake neno la Kiswahili, wakalipenda, nao sasa wote huiita amana, hata Wazulu.

Dada, mimi nilisikia amana nikaelewa amana. Kwetu mtu akikuachia amana, hata nyumba ikiungua unaitoa kwanza hiyo. Nikasimama pale, nikajitafuta, sikuwa na siri. Umenilea wewe, ningeipata wapi? Mwenzangu wa kabla yangu alikuwa amelia. Niliona aibu kuwa mtupu. Ndipo nikatoa ile yako.

Niliwaambia kuhusu barua za baba. Kwamba baba alirudi kwao huku Afrika Kusini nikiwa mchanga na hakuandika hata mstari mmoja. Kwamba wewe, ukiwa kidato cha kwanza, ulianza kuandika kwa jina lake, ukakosea Kiswahili makusudi kama alivyokuwa akikikosea yeye, ukamwambia mama zimeletwa na wasafiri. Kwamba mama amezifunga kwenye kanga, na kwa ajili ya baba alimkataa fundi Salehe aliyemposa kwa heshima zote. Niliwaambia hata ule mstari wa "mimi ngoja wewe mpaka nywele nyeupe." Walicheka kidogo, kisha wakanipigia makofi. Nikaketi nikiwa ndugu.

Mwezi huu kumekuwa na uchaguzi wa kamati ya wanafunzi. Nyumba ilikwisha kuchagua mtu wake. Mimi nikasema wazi kwamba kura yangu ni ya Furaha, binti wa mama Mkongomani ninayepanga kwake, yule fundi cherehani. Furaha ndiye aliyenifundisha hesabu hadi nikafaulu. Kesho yake Hamza alinikuta jikoni bwenini kwake, mbele ya watu, akaniita Mwana wa Barua. Kisha akanivuta pembeni, akiwa mpole kabisa.

"Eish, bra, sisi ni ndugu. Ukikaa sharp, ukatulia, na mimi nakaa sharp. Mwezi wa kumi na mbili naenda nyumbani, na mama yako ananipenda, lazima ataniita chai."

Nilimuuliza kama hiyo ndiyo kazi ya amana. Akasema kila mmoja ameweka yake, ndiyo maana Nyumba haijawahi kuvunjika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tangu mwanzo neno lenyewe lilikuwa rehani, si amana. Hasira niliyoipata sijawahi kuipata. Mtu aliyekula ugali wetu, dada, aliyebebwa na mama mgongoni.

Nilimweleza Furaha nikitarajia amlaani. Aliendelea kukunja vitambaa vya mama yake, akasema, "Kamba ya kukufunga ulibapatia weye mwenyewe. Na haikuwa ya kwako."

Nilimkasirikia siku mbili. Lakini amesema kweli. Hamza amenisaliti mimi, na mimi nilikusaliti wewe kabla yake, tena kwa makofi. Nisamehe ukiweza. Usipoweza leo, sitanung'unika.

Nilimpigia Furaha kura na tai yao nimewarudishia. Kwa hiyo Hamza atasema. Anafika Desemba, nawe utakuwa umetangulia kujua. Sitakufundisha la kumwambia mama. Naomba tu asilisikie kwa Hamza.

Msalimie mama mdogo wa Kilosa, na shemeji, mume wako, mwambie viatu alivyonipa bado vinatembea. Mjomba anayetunza shamba naye asisahaulike. Fundi Salehe ukimwona, msalimie kwa heshima.

Barua hii inaletwa na mama mmoja mfanyabiashara anayerudi Morogoro, nimemwomba akukabidhi mkononi shuleni. Lakini mji ni mdogo. Mama atasikia kwamba umeletewa bahasha kutoka Johannesburg, na atakusubiri mlangoni akuulize kama ni ya baba. Safari hii mwambie ni ya nani.

Mdogo wako niliyekukosea,
Themba