Kiasi cha Punje ya Kunde

Mashamba ya Ngano, Hanang

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na nguvu, na mguu wako uwe umepoa kiasi cha kukufikisha kwenye mibuni bila fimbo. Mimi sijambo sasa, ingawa majuzi ungeniona usingenijua. Kabla ya yote, mwambie mdogo wangu Anna asifungue ile tyubu ya dawa ya chunusi aliyotununulia Shangazi kule Dar es Salaam, kila mmoja yake. Najua anataka uso safi siku ya harusi yake. Asubiri kwanza umsomee haya.

Mama, ulitulea kwa mafuta. Hatukutoka nyumbani asubuhi hata moja bila kung'aa toka utosini hadi kisigino, na ulisema mtoto aliyepauka anamwaibisha mama yake. Basi na dawa hii nikaipaka vivyo hivyo. Nilitoka kuoga, uso bado una maji, nikakamua ya kujaza kiganja, nikajisugua mpaka kwenye kope, nikaenda kufundisha. Huku ni mavuno, kombaini zinatimua vumbi kutwa nzima na jua la tambarare halina kivuli. Haikupita wiki uso ukawaka moto, ukabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Wanafunzi wangu wa darasa la kwanza walinyamaza kimya nilipoingia. Tangu nianze ualimu sijapata darasa tulivu namna ile!

Mama Udai, jirani yangu Mbarbaig anayeniletea maziwa, alinikuta mlangoni nikilia.

"Mwalimu, wewe naanguka kwa moto?"

"Ni dawa, mama."

"Dawa gani nakula mtu? Twende kwa nesi. Mimi nashika mkono."

Akaacha kibuyu chake kwangu, akanipeleka zahanati ya shamba, akaningoja mpaka mwisho. Mimi si ndugu yake wala si wa kabila lake. Nilimshukuru Mungu njia nzima.

Nesi Zuhura, mtu wa Kondoa, aliisoma tyubu akaanza kucheka.

"Umeipaka kama samli! Hii inatokana na vitamini A, mwalimu, inaharakisha ngozi kujibadilisha. Ukizidisha, inakuchubua tu."

Akaniambia niiache kabisa hadi nipone, ninawe kwa maji matupu na kupaka mafuta ya mgando. Nilipopona ndipo akanifundisha upya. Ni dawa ya usiku. Unanawa kwa sabuni isiyo kali, unajikausha, unangoja uso ukauke kabisa. Kiasi ni punje moja ya kunde kwa uso mzima, na macho, midomo na pembe za pua usiziguse. Mwanzoni ni mara mbili tu kwa wiki, unaongeza polepole ngozi ikizoea. Juu yake ndiyo unapaka mafuta ya mgando. Mchana ni kofia pana, na kujisugua kwa dodoki marufuku. Chunusi zinaweza hata kuzidi kidogo mwanzoni, na nafuu inakuja baada ya miezi. Mimi bado naingoja, ila uso umetulia, na watoto wamerudia kelele zao.

Sasa Anna asinikasirikie. Harusi iko karibu, dawa haitawahi, itamwacha amebabuka mbele ya wakwe. Tena nesi amesisitiza kwamba mwenye mimba, au anayetarajia kuipata, asiitumie kabisa. Bibi harusi huyo tunamwombea nini kama si mtoto? Aiweke tyubu kando. Mchumba wake alimpenda na chunusi zake, hakuna aliyemficha kitu.

Nisalimie Baba, mwambie kofia yake ya shambani ndiyo inayoniokoa huku. Nisalimie Shangazi, asijilaumu, zawadi yake ni njema na bado naitumia. Bibi mbusu mikono yote miwili.

Shule yetu ni ya shamba, sitapata ruhusa kabla ngano haijaisha kuvunwa, kwa hiyo sitakuwepo siku hiyo, na hilo linaniuma. Nakuomba jambo moja, Mama. Asubuhi ya harusi usimwachie mtu mwingine kumpamba Anna. Chukua mafuta yako yale yale, umpake wewe mwenyewe, kiganja kizima.

Mwanao akupendaye,
Skola