Kwa Babu Angetile Mwalwisi, Mwenye Mwanzi wa Kupimia Mfereji

Mwaka umetimia, Babu, tangu tukulaze pale juu nyuma ya kanisa, na mwanzi wako wa kupimia bado umesimama nyuma ya mlango, palepale ulipokuwa ukiuweka. Haujaguswa. Katika Nsongola nzima hakuna familia iliyotunza kitu cha marehemu wao kama tulivyoutunza mwanzi huo.

Anayeandika haya kwa niaba ya wote ni mjukuu wako Asagwile. Baba Mkubwa Lugano ndiye aliyeanza, akaandika mistari miwili ya salamu kwa Mchungaji, akachoka. Shangazi Atuganile akapokea, lakini mwandiko wake unaujua. Hata wewe ulikuwa ukimrudishia barua zake aje akusomee mwenyewe. Basi kalamu ikamwangukia mwenye kidato cha nne. Yatasomwa Jumapili baada ya matangazo, na kwa kuwa hukupenda matangazo marefu, tutajitahidi.

Tunakukumbuka kwenye benchi la mwisho, ulikokaa miaka yote ya uzee wako wa kanisa ili uone nani anasinzia. Hukumwamsha mtu. Ulimfuata tu nje baada ya ibada, ukamuuliza kwa upole kabisa somo la pili lilitoka kitabu gani.

Tunakukumbuka siku za kazi za kanisa. Hodi hukupiga. Ulisimama uani kwa watu, ukakohoa mara moja, na mwenye nyumba akatoka na jembe huku bado anatafuna ndizi. Mwinjilisti Anyosisye husema kanisa letu lilijengwa kwa matofali na kikohozi.

Kuta za kanisa zilipokauka na bati kupanda juu, watu wakadhani sasa watapumzika. Ukasema, sasa zahanati, uwanja uleule. Zahanati ilipopata nesi, ukasema, sasa maji. Mama aliyekuja kujifungua alikuja na uchungu wake na ndoo yake. Nesi Tumpale alikwambia tukiwapo, "Mzee, masika nazalisha kwa maji ya mvua. Kiangazi nizalishe kwa nini?"

Ukamjibu, "Nipe kiangazi kimoja, mwanangu."

Ndipo ulipokata mwanzi, urefu wako wewe ukiwa umenyoosha mkono juu. Ukaulaza chini hatua kwa hatua, kutoka chemchemi ya mlimani hadi ukuta wa zahanati: mianzi mia mbili na arobaini. Kaya ni arobaini, basi kila kaya ichimbe mfereji wa mianzi sita. Kwa hesabu hiyohiyo ndugu zetu wa ushirika wa mjini wakanunua mabomba. Kipande cha mwisho kabisa, chenye mawe, ukatupa sisi.

"Kwani tumekukosea nini, baba Lugano?" Bibi alikuuliza.

"Nikijipa pa laini," ukasema, "kesho nitakohoa uani kwa nani?"

Ulipigilia vigingi vya kaya ishirini na tano kuanzia juu, kisha kifua kikakuangusha. Ukamwita Asagwile kitandani, ukamkabidhi mwanzi. "Zimebaki kumi na tano. Laza, weka alama, laza. Kichwa usikitumie sana." Siku nane baadaye tukakuzika.

Kiangazi hicho mfereji ulichimbwa. Kila kaya ilimaliza kipande chake, na sisi tukamaliza chetu. Siku ya kukagua, kutoka mwisho wa kipande chetu hadi ukuta wa zahanati zikaonekana hatua ishirini na tano ambazo hazikuwa za mtu. Watu wakasimama wakizitazama kama wanavyomtazama ng'ombe asiye na mwenyewe.

"Labda ardhi imevutika," alisema Mwinjilisti.

"Ardhi gani inavutika, hiyo ni mpira?" alidakia jirani yetu, Mama Sekela. "Semeni ukweli tu. Mzee Angetile kukohoa alijua, kugawanya hakujua."

Wakacheka, Babu. Walicheka kwa mapenzi, lakini walicheka. Toka siku hiyo mtu akikosea hesabu hapa kijijini, hata ya vitumbua, huambiwa amepima kwa mwanzi wa Mzee Angetile. Na jembe hakuna aliyeinua. Kila kaya ilisema imeshamaliza yake, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa mlimani.

Bibi Tusekile hakucheka. Alikwenda nyumbani, akavua kitenge cha kanisani, akarudi na jembe lako. "Kama ni mume wangu aliyekosea," alisema, "nitamalizia mimi." Alichimba siku kumi na moja, kwenye mawe, na miaka yake sabini na miwili. Wengine walikuja wakasaidia saa moja moja. Asagwile alisaidia siku mbili, kisha akaumwa mgongo. Mgongo ulipona siku mabomba yalipolazwa.

Mabomba yalifika mpaka kwenye koki. Hayakupungua, hayakubaki. Hakuna aliyejiuliza imekuwaje.

Maji yalipotoka Nesi Tumpale alinawa mikono, akanawa tena, akaondoka na kusahau kufunga. Tangu hapo wamezaliwa pale watoto kumi na wanne, na hakuna mama aliyekuja na ndoo. Mmoja wamemwita Angetile. Huyo hulia papo hapo, hakohoi kwanza.

Hapa tulikuwa tumemaliza. Jana mchana Asagwile alikwenda kumsomea Bibi jikoni, akitegemea kusifiwa. Bibi alikuwa anamenya ndizi.

"Rudia pale mwanzo," alisema.

Akarudia, mpaka pale penye haujaguswa.

"Hebu niletee huo mwanzi, mume wangu."

Humwita mume wangu anapotaka kumtuma. Akauleta. Bibi akanyoosha mkono kwenye uchanja juu ya moto, akashusha kile kikopo cha mwanzi anachowekea chumvi. Akaimwaga chumvi kwenye sahani, akakipachika kikopo kwenye ncha ya mwanzi. Kilikaa kama kofia kwenye kichwa cha mwenyewe. Hata pale panga lilipoteleza likakata mshazari, pakafumbana pasibaki ufa.

"Bibi," Asagwile aliuliza, "hiki ulikitoa wapi?"

"Nyuma ya choo, siku ileile uliyopewa mwanzi. Ulitazama kushoto, ukatazama kulia, ukakata. Huku juu kwenye migomba hukutazama. Nikasema, mtoto anajitengenezea kikombe. Siku tuliposimama kwenye zile hatua ishirini na tano ndipo nikajua kilikuwa kikombe gani."

"Nilitaka mawe yetu yapungue kidogo. Shibiri moja tu. Sikufikiri kwamba mara sita, mara kaya kumi na tano..."

"Na kidato cha nne chote hicho."

"Mbona hukusema siku ile walipomcheka Babu?"

Bibi alimaliza kwanza ndizi aliyokuwa ameishika. "Babu yako pale alipo kicheko hakimfikii. Wewe ulikuwa na njia ya kupita mbele yao kila siku. Nikasema nimpe mwaka, atasema mwenyewe. Mwaka umekwisha, mume wangu, na wewe umeniletea haujaguswa."

Asagwile akataka kukunja karatasi aandike nyingine. Bibi akaikandamiza mezani kwa kiganja chenye utomvu wa ndizi; doa lenyewe hili hapa pembeni. "Usifute hata neno. Ulipojisifu, paache hivyohivyo. Kisha umtaje mkataji, na uache kujiita Asagwile hivi Asagwile vile, kama unamsema mtoto wa jirani. Na Jumapili utasoma wewe, siyo Mchungaji."

Ni mimi, Babu. Niliukata mwanzi wako kwa panga lako, wakati wewe bado unahema chumba cha pili na unaamini ninapima. Zile hatua ishirini na tano zilikuwa zangu, na Bibi ndiye aliyezichimba. Mgongo haukuwa unaniuma. Mama Sekela atanisikia akiwa benchi la mbele, na nikimaliza kusoma nitakwenda kukaa la mwisho, mahali pako, ambapo kila atakayegeuka ataniona.

Unakumbukwa na mkeo Tusekile, aliyemalizia kazi yako, wanao Lugano na Atuganile, wakwe zako, wajukuu zako kumi, na wa kumi na moja, mimi Asagwile, Nesi Tumpale na watoto kumi na wanne, akiwamo yule wajina wako.

Siku zote za maisha yetu hatutakusahau. Ulihesabu sawa, Babu.