Isale la Mwalimu Venansi

Newala

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Mama mfikishie shikamoo yake sasa hivi, kabla hujavaa miwani, maana ukishaivaa humsikii mtu. Mimi ni mzima, kifua kimepona. Huku maji bado tunayafuata bondeni, na kila nikijitwisha ndoo naukumbuka mfereji unaopita nyuma ya migomba ya kihamba chetu, tuliokuwa tunauruka tu bila kuushukuru. Mguu wako unaendeleaje? Nasikia wanunuzi binafsi wa kahawa wamefika mpaka Kirua, wanagombania magunia na chama cha ushirika. Angalieni wasiwachanganye na maneno matamu.

Najua barua zangu unawasomea watu kwa sauti baada ya misa. Hii, nakuomba, isome peke yako kwanza. Na usiikunje kwa hasira kabla hujafika mwisho.

Barua yako ilinikuta siku mbili kabla ya safari ya Dodoma, kwenye mkutano wa walimu wa kumchagua mwenzetu mmoja aongoze kamati ya kuandika upya sera ya elimu ya taifa. Uliniandikia kwamba Mwalimu Venansi, aliyekuwa mkuu wa shule ya Veneranda, alikuja nyumbani na isale mkononi, akapiga goti uani, akakuomba radhi kwa kumfukuza mdogo wangu Vene. Na wewe ukampokea. Ukalitia jani lile lile kwenye bahasha, ukaniandikia: "Unajua kwetu anayekuja na isale hakataliwi. Mchague, ni mtu wetu."

Baba, nililishika lile jani nikalia. Lilikuwa bado na ubichi wa nyumbani.

Usidhani niliingia ukumbini nimeshaamua. Venansi alinifundisha mimi mwenyewe darasa la tano, kabla hajahamia sekondari, akikata ndizi vipande ili tuelewe sehemu. Hata kule Dodoma alizungumza vizuri, kuhusu vitabu na nyumba za walimu, nikajikuta napiga makofi. Aliyeshindana naye alikuwa Mwalimu Zuhura wa Tabora, mama mfupi mwenye sauti ndogo, mpaka tukamwomba arudie. Nilisema moyoni, huyu hafiki mbali.

Kisha mjumbe mmoja akauliza msichana akipata mimba shuleni afanywe nini. Venansi akajibu, "Shule ni nidhamu. Huyo ameshachagua njia yake." Zuhura akasimama, akauliza, "Kachagua na nani? Mbona yule wa pili anaendelea na masomo?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mimi nataka ajifungue, arudi, akalie dawati lake."

Nilimwona Vene, baba. Nilimwona siku ile aliyofukuzwa, anapanda kilima na sanduku kichwani, anapita mbele ya kanisa watu wakitoka ibadani. Ndiye ambaye kila Januari anakivalisha kile kitabu chake cha hesabu cha kidato cha pili gazeti jipya, mpaka leo, na mtoto wake ameshaanza shule.

Wakati wa chai nikamfuata Venansi. Alinikumbatia kwa furaha. "Mwanangu! Mzee amekufikishia?"

"Amenifikishia, Mwalimu. Na Vene mwenyewe ulimwambia nini?"

Akashangaa. "Vene? Nilikwenda kwa baba yako. Mwenye mji ni yeye."

"Hakuwepo?"

"Alikuwepo. Ndiye aliyetuletea chai. Binti mzuri, ana adabu sana."

Basi, baba. Alipokea kikombe mkononi mwa Vene na hakumwambia hata pole. Sikuweza kuimaliza chai yangu.

Karatasi za kura hazikutosha, tukaambiwa tunyooshe mikono. Lilipotajwa jina la Venansi alinitazama mimi moja kwa moja, anatabasamu, na mimi mkono wangu nikaukalia. Lilipotajwa la Zuhura nikaunyoosha. Alishinda kwa kura mbili tu. Sikuona raha niliyoitegemea, maana Venansi alikuja akanipa mkono, macho mekundu, akasema, "Mwambie mzee sina kinyongo." Ni mtu mwema, najua. Nimemsamehe kweli, isale sikulikataa. Lakini kumsamehe ni jambo moja, na kumkabidhi mabinti wa nchi nzima ni jambo jingine.

Najua watakusema huko. Watasema umeshindwa kumtawala mwanao. Hilo linaniuma kuliko yote, kwa kuwa najua unavyopenda kutembea kifua mbele. Nisamehe.

Nisalimie shangazi anayesuka mikeka, baba mdogo wa Shirimatunda akija, na katekista. Mtoto wa Vene mwambie nimepokea picha yake ya mgomba, ila mgomba hauna matawi.

Veneranda nimemwacha wa mwisho makusudi. Humu ndani utalikuta lile isale. Limekauka, lifungue taratibu lisivunjike. Nilikuwa nimepanga kukuagiza umpe Mwalimu Venansi alipeleke kwa Vene mwenyewe. Lakini nimekumbuka kwamba siku ile Vene alipoingia uani na sanduku, hukumtazama, na mwaka mzima ulimsemesha kupitia kwa Mama, hata akiwa amekaa mbele yako.

Kwa hiyo usimpe Venansi, baba. Lipeleke wewe.

Ni mimi binti yako mkaidi, nikupendaye,
Apolonia