Mashimo ya Mianda Kule Biano

Manika, Kolwezi
Tarehe 16 Juni 1996

Mpendwa wifi yangu Mianda,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Kabla ya lolote, niambie: mko salama? Kifua cha kaka yangu Kitenge kimepona, au bado anakohoa na kukataa dawa? Dodo na Tatiana wameizoea shule ya huko Mwene-Ditu? Sisi tunapumua. Nikiandaa chakula bado natoa sahani zenu, kisha nazirudisha.

Barua hii anakuletea Tata Alimasi, jirani yetu mfanyabiashara, anayekuja huko kununua mahindi. Mpe maji, mwache apumzike, usimchoshe kwa maswali kama ninavyokujua. Mengi nimeyaandika humu.

Huku kazi imelala. Mashine nyingi za kampuni ya madini zimenyamaza, na mume wangu Kisimba, fundi wa umeme wa miaka ishirini na miwili, sasa analima mihogo nyuma ya nyumba. Anaisemesha mihogo yake kama alivyokuwa akizisemesha mota, nami nacheka peke yangu dirishani.

Ila nilichokusudia kukuandikia ni habari za Mama. Amedhoofika, wifi. Daktari anasema ni moyo, pamoja na umri. Tangu mwezi wa nne ugali haumpiti kooni. Nilipomwuliza anatamani nini, akasema kikanda, kile kiazi cha mwituni cha mlima wa Biano, kilichochimbwa na mkono wa mtu wa nyumbani. Cha sokoni hakitaki, anasema siku hizi wanakichanganya na vitu asivyovijua.

Unajua kwamba kwa miaka mitatu, tangu siku ile ya treni iliyowapeleka Kasai, Mama hajatamka jina lako. Waliposema watu wa Kasai warudi kwao, wewe uliyezaliwa hapa hapa Kolwezi, alitaka Kitenge abaki. Kitenge akakufuata, na lawama zote Mama akakutwisha wewe. Ulipopiga hodi kumuaga, hakufungua. Nilikuwa uani, nikakuona ulivyoweka kiganja juu ya ule mlango kabla ya kuondoka. Nimekuwa nikiogopa kwamba Mama atakufa na mlango ule umefungwa. Nilitaka ale, apate siku za kuufungua; hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka mlimani, kuliko hata kikanda chenyewe.

Nikapanda lori la makaa mpaka Biano. Mianda, usingepatambua. Unakumbuka tulivyokuwa tukitetemeka kule asubuhi, ukungu hauondoki mpaka saa nne, sote tumevaa makoti ya waume zetu? Safari hii koti la Kisimba nililibeba mkononi siku mbili nzima. Mvua zilikatika mapema tena, mwaka wa tatu huu, nyasi zimekauka na moto umeshapita kabla ya wakati wake. Chemchemi ya chini, ile tuliyokuwa tukioshea miguu, sasa ni tope lililopasuka.

Mabonde yote tuliyozoea nikayakuta matupu. Watu wamechimba sana kwa ajili ya kuuza, nami siwezi kuwalaumu, njaa ni njaa. Lakini hata pale ambapo jembe halijafika hapakuwa na jani. Mama Godelieve, yule mjane tuliyekuwa tukilala kwake, alinishika mkono akanionyesha kilele.

"Baridi ilihama, mutoto. Na kikanda inaifuata kule juu."

Nikatazama kule juu. Mlima wenyewe si mrefu kiasi hicho.

Siku ya pili nilipanda mpaka chemchemi ya juu, na hapo, wifi yangu, nikakaa chini nikalia. Unakumbuka mwaka wako wa kwanza kwetu, bado bibi harusi, ulipodhani kikanda kinapandwa kama viazi vitamu? Kila shimo ulilochimba ulirudishia kiazi kimoja, ukafukia, ukakanyaga kwa kisigino na kumwagia maji kwa kikombe. Tulikucheka mpaka mbavu zikauma. Mama alicheka kutushinda sote, akakupa jina la Mkulima wa Kikanda, maana kwetu hata mtoto mdogo anajua kikanda hakipandwi, hujiotea chenyewe. Nawe kwa ukaidi wako ukafanya hivyo kila mwaka, miaka tisa.

Vimeota, Mianda. Vimesimama kando ya maji kwa mistari, ile mistari yako iliyopinda. Chemchemi imekuwa nyembamba kama uzi, lakini bado inatoka. Nilichimba nusu kikapu tu, na kila shimo nikarudisha kimoja, nikakanyaga kwa kisigino. Waliokuwa wakipita wakanishangaa, nikawaacha washangae.

Nyumbani nilivimenya, nikavikausha, nikatwanga, nikapika na karanga, pilipili na magadi kama Mama anavyopenda. Akala kipande, akaomba cha pili. Kisha akauliza nimevitoa wapi. Nikamwambia nimevitoa kwenye mashimo ya Mianda.

Akafuta vidole kimoja kimoja.

"Umuandikie," akasema. "Umwambie siku ile nilimusikia. Nilikuwa nasimama nyuma ya mulango. Mi nilimukosea."

Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza neno.

Viazi vilivyobaki nimevikausha, na Mama amevifunga mwenyewe katika kitambaa chake cha kichwa, kile cha bluu. Tata Alimasi anavyo. Upike, mle wote. Usijaribu kuvipanda huko, wewe, joto litaviua.

Unisalimie Kitenge, mwambie dada yake anamlilia. Wabusu Dodo na Tatiana, na umpe mama yako, Mama Agnès, heshima zangu. Kisimba anawasalimu wote, pamoja na mihogo yake.

Najua njia bado ni ngumu, na wapo wasiotaka kuwaona hapa. Siwezi kukuambia hakuna hatari. Lakini daktari hatupi ahadi, na mkipata njia kabla ya mvua kuanza, njooni. Nakuomba, wifi yangu.

Mama sasa analala chumba cha mbele, kitanda chake kinaelekea barabarani. Mchana kutwa mlango uko wazi. Ukimuuliza, anasema ni kwa sababu ya joto.

Mungu awafunike huko mliko, na awafungulie njia ya kurudi.

Wako akupendaye, wifi yako,
Odile