Reli Alizong'oa Sten

Mjukuu wangu Neema,

Habari za Göteborg? Huku Sundbyberg tu wazima. Bibi yako amerudi kwenye kwaya, goti halimsumbui sana.

Umeniuliza kwa nini tramu zetu ni chache kuliko zenu. Zamani treni hizo ndogo za barabarani zilijaa mjini. Magari yalipohamishwa nchi nzima kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda wa kulia, reli nyingi ziling'olewa. Miongo mitatu baadaye wakaanza kuzirudisha, nami nikapata kibarua cha kutandaza reli za kwenda Alvik.

Wenzangu walipokaa kunywa kahawa, mimi nilibaki nikipima: milimita 1435 kati ya reli na reli, tena na tena. Nilitaka kazi ya kudumu. Nyapara akaja kumpa kazi hiyo mmoja wa wanywa kahawa, na hilo halijanitoka moyoni hadi leo.

Siku moja nikipima, mzee Sten, fundi mwenzangu, aliniita. "Bahati, keti basi! Reli hazina miguu." Akanimiminia kahawa. "Nilipokuwa kijana, za mjini nilizing'oa mimi. Hakuna aliyeniweza kwa wepesi. Sasa nazirudisha. Ile haraka yote ilikuwa ya nini?"

Nikacheka, nikanywa upesi, nikarudi kupima.

Wiki iliyofuata maumivu ya mgongo yalimwachisha Sten kazi. Nilijua kila kipimo cha njia ile, lakini sikuwahi kumuuliza anaishi wapi.

Mpaka leo nikipanda tramu ya Alvik, nawachungulia wazee wote usoni.

Babu yako akupendaye,
Bahati