Zongzi za Mwenyekiti

Loyce uko wapi. Nimejifungia chooni kwa Mama Chen, nacheka peke yangu.

Si leo ni sikukuu ya hawa Wachina ya mbio za mitumbwi, mwenye nyumba wetu katualika tule zongzi, ule wali wa kunata unaofungwa kwenye majani. Kapika mwenyewe tangu jana. Za kitimoto kazifunga uzi mwekundu, za maharage uzi mweupe, sufuria mbalimbali, ili akina Zuwena wasije wakala haramu. Mama wa watu kawaza yote hayo.

Sasa Chacha. Mwenyekiti wetu wa wanafunzi.

Kaja na utepe wa rangi za bendera. Sisi tuko jikoni, yeye huku kakata nyuzi zote. ZOTE Loyce. Kafunga utepe wake, kazipanga kwenye sinia moja, anapiga picha za kurusha kwenye grupu.

Zuwena akamuuliza, "Za maharage ni zipi?"

Akajibu, "Dada, leo hakuna maharage wala nyama. Sote ni Watanzania."

Sote ni Watanzania. Halafu akaanza hotuba ya ushirikiano.

Mkalimani si ndiyo mimi, ikabidi nimweleze Mama Chen. Wala hakupaza sauti. Akamsogezea sinia taratibu.

"Mwambie mwenyekiti aume moja moja, awaambie wenzake ipi ni ipi."

Nikatafsiri. Hotuba ikaishia hapo hapo.

Na Chacha unamjua, Msabato ukoo mzima.